Herufi Tatu za Mama Feisal

Jumatano saa tatu na nusu asubuhi Inspekta Natalia Sulle alikuwa amebakiwa na saa saba na nusu, na dalali aliyeketi mbele yake alikuwa ameshakula dakika kumi akieleza uaminifu wake.

"Afande, mimi hapa Babati nimeuza viwanja, nimeuza magari, nimeuza hadi mashine ya kusaga ya ndugu waliokuwa hawasemeshani," alisema Mujahid. "Uliza Bagara, uliza Maisaka. Hakuna aliyewahi kulia."

"Mama Feisal analia," Natalia alisema. "Tangu Jumamosi analia. Tuanzie hapo."

Mujahid alizipanga upya simu zake tatu mezani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye. Pembeni Koplo Theodori, mtu aliyebakiza miezi mitano kustaafu na ambaye magoti yake yalikwisha kustaafu zamani, alikuwa akiandika maelezo kwa mkono, neno kwa neno. Natalia alitamani kumnyang'anya kalamu.

Shauri lenyewe lilikuwa la kitu ambacho hakuna polisi wa kituo kile aliyewahi kukiandika kwenye jalada. Mama Feisal, jina lake Anifa, ana duka la steshenari na fotokopi karibu na stendi. Mwaka 2003, duka hilo likiwa bado intaneti kafe, alisajili jina la mtandao: herufi tatu, nukta, com. Herufi zenyewe hazitaandikwa hapa; waliokwisha kuziona wametosha kuleta balaa. Kafe ilikufa simu za mkononi zilipojaa mjini, lakini Anifa aliendelea kulipia jina lile kila mwaka, kwa sababu tu hakupenda kitu chake kife. Kisha Ijumaa iliyopita mtu aliingia kwenye akaunti yake na kuomba jina lihamishiwe kampuni nyingine huko ng'ambo.

Kampuni ya usajili ilikuwa imejibu barua pepe ya Natalia kwa adabu na kwa ubaridi. Uhamisho husubiri siku tano, na siku ya tano ilikuwa inaisha leo saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa. Kabla ya hapo wangeweza kuusimamisha, ila walitaka hati ya polisi yenye namba ya jalada, maelezo ya mmiliki chini ya kiapo, na jina la mtuhumiwa. Malalamiko yasiyo na jina la mtu wanapokea mia kwa siku, waliandika, na mengi ni ya watu waliouza wenyewe halafu wakajuta. Baada ya saa kumi na moja jina likihama, wao hawahusiki tena.

"Nieleze kwa nini herufi tatu zina thamani ya milioni mia tano," Natalia alimwambia Mujahid. "Kwa kifupi."

"Ziko elfu kumi na saba na mia tano hivi tu, Afande, dunia nzima, na zote zina wenyewe toka zamani. Ni kama fremu za maduka za barabarani. Watu wanaongezeka, barabara ni ile ile. Mwaka juzi walimwandikia Mama Feisal wakampa milioni thelathini, akadhani matapeli, akafuta. Mwaka jana tisini. Sasa hivi haya makampuni ya kompyuta zinazojibu maswali kama watu yanamwaga hela, kila moja linataka jina fupi ambalo mteja hawezi kulisahau. Mimi ndiye niliyemletea mnunuzi wa mia tano. Asilimia kumi yangu halali kabisa. Niibe ili iweje?"

"Ili upate mia badala ya kumi." Natalia alisogeza karatasi mezani. "Jumatano ya wiki iliyopita, saa tatu usiku, mtu alibonyeza kwamba amesahau neno la siri. Akaulizwa swali la siri: mtoto wako wa kwanza anaitwa nani? Akaandika Feisal. Ikakataa. Akaandika Feisali. Ikakataa. Akaandika Feisal Mustapha, na jina la baba mtu. Akaunti ikajifunga mpaka kesho yake usiku. Alitumia simu, na laini ya simu hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako."

Mujahid aliiangalia simu ya katikati kana kwamba ndiyo iliyomchoma kwa polisi.

"Nilikuwa nahakikisha tu kama jina ni lake kweli," alisema hatimaye. "Mnunuzi alitaka uthibitisho."

"Saa tatu usiku, bila yeye kujua."

"Afande, mji mzima unamwita Mama Feisal. Sokoni, msikitini, benki. Nilijua hilo swali si siri. Nani angelikosa?"

"Wewe umelikosa."

Koplo Theodori aliinua kichwa. Natalia naye akajisikia kuwa amesema kitu kikubwa kuliko alivyokusudia. Akairudia karatasi. Ijumaa, swali lile lile lilifunguliwa saa sita na dakika hamsini na nane mchana. Jibu liliandikwa saa saba na dakika kumi na nne, mara moja tu, likakubaliwa. Dakika kumi na sita katikati. Mwanzoni alikuwa amezichukulia kuwa muda wa mwizi kuulizauliza watu. Lakini kama jibu lingekuwa Feisal hakukuwa na haja ya kuuliza mtu, na kama si Feisal, angemuuliza nani?

"Ijumaa saa saba na robo ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Safu ya pili, nimekaa na Rama, mdogo wake huyo huyo Mama Feisal. Simu yangu ililia katikati ya hotuba. Imamu alinyamaza, akanitazama mpaka nikaizima. Nimeaibika wiki nzima, Afande. Muulize yeyote."

Koplo alitoka kwenda kupiga simu. Alirudi baada ya robo saa, anachechemea. "Ni kweli. Nimepigia watu watatu, wote wanne wanasema hivyo hivyo."

"Watatu au wanne?"

"Watatu, na wa nne alidakia. Inaelekea mlio wenyewe ulikuwa wa muziki." Alikaa. "Afande, haya mambo ya mitandao ni ya vijana. Tukawakusanye wale wa vibanda vya simu, mmoja atasema."

Natalia alimweka Mujahid chini ya ulinzi kwa jaribio lake la Jumatano, akachukua mkoba, akatoka. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

*

Duka la Anifa ni fremu ya tatu kwenye jengo refu la bati lenye fremu tano. Mwenye jengo ameshawatangazia wapangaji kuwa analibomoa mwezi wa kumi na mbili ajenge gesti. Kwa fedha za lile jina Anifa alikuwa amekusudia kununua fremu yake mwenyewe upande wa pili wa barabara, asihamishwe tena na mtu. Jina likipotea, anarudi kwao Kondoa akiwa na mashine mbili za fotokopi na miaka hamsini na mbili. Alikuwa amemweleza Natalia hayo yote siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

Leo alikuwa akimtolea mteja nakala za cheti cha kuzaliwa. Natalia alisubiri mteja aondoke.

"Mama Feisal, nina swali moja. Jibu la swali lako la siri ni lipi?"

"Nilishawaandikia kampuni."

"Sasa niambie mimi. Najua si Feisal."

Anifa alipanga rimu za karatasi zilizokuwa zimepangika tayari.

"Amna," alisema.

Natalia alifungua daftari lake.

"Mwaka tisini na nane, wakati wa masika. Alikaa siku tisa. Siku ya saba tulimpa jina, ya tisa tukamzika. Feisal alikuja miaka miwili baadaye, watu wakaniita kwa huyo, nikaitika. Baba yake alisema tusimtwishe mtoto habari ya aliyemtangulia, kwa hiyo hata Feisal hajui."

"Na mwaka 2003, walipokuuliza swali?"

"Waliniuliza mtoto wa kwanza. Ningedanganya?"

Natalia aliandika. Alikuwa na watoto watatu na hakutaka kuwafikiria wakati huo. "Nani mwingine analijua jina hilo?"

"Mama yangu, marehemu. Mume wangu, marehemu. Rama, ndiye aliyembeba kwenda makaburini."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Rama alikuwa njiani na lori la mahindi. Natalia alimpata kwenye simu mara ya tano, karibu saa saba, sauti ikikatika kila lori lilipoingia bondeni. Alikuwa na miaka kumi na minane wakati ule, alisema. Alipewa kitu kidogo kilichofungwa kwenye sanda, akakibeba. Hilo jina hajalitamka tangu siku hiyo, hata kwa mkewe, na Ijumaa alikuwa amekaa na Mujahid akitamani ardhi impasukie kwa aibu ya ile simu. Natalia alimwamini, na kumwamini kulimkosesha raha zaidi. Mtu mmoja aliye hai ndiye aliyelijua jibu, na mtu huyo alikuwa msikitini mbele ya mamia ya mashahidi. Alikuwa na saa nne tu na hakuwa na mtuhumiwa.

Saa tisa na robo mchana, akiwa amerudi kituoni, simu yake ililia. Alikuwa amewaomba watoa huduma ya intaneti wamwambie ile namba ya mtandao iliyotumika Ijumaa ni ya nani. Kijana wa upande wa pili alimsomea taratibu: laini ya biashara, Babati mjini, mlipaji Anifa Mustapha, steshenari.

"Yaani mwizi alitumia intaneti ya duka lake," alisema Natalia.

Koplo Theodori alicheka kwa pua. "Mwizi gani, Afande? Huyu ameuza mwenyewe. Kampuni si wamesema? Wanauza, wanajuta. Ameona ameuza kwa bei ya chini, anataka sisi tumrudishie."

Haikuwa hoja ya kipumbavu. Natalia aliigeuza kichwani njia nzima. Kama Anifa anadanganya, basi machozi yale ni ya bandia, na hati ya kiapo itakayotoka kituoni kwake itakuwa ya uongo, yenye sahihi yake yeye Natalia chini.

*

"Ijumaa, saa saba na dakika kumi na nne, ulikuwa wapi?" aliuliza, hata kabla ya kukaa.

"Msikitini," Anifa alisema. "Sisi wanawake tuna upande wetu. Nilitoka hapa saa sita na nusu."

"Ukafunga duka?"

"Siku ya Ijumaa? Hapana, wanafunzi wanakuja kuchapa. Duka lilikuwa wazi."

"Alikuwemo nani?"

"Mama Brayson, kama kila Ijumaa." Alisema hivyo kama mtu anavyosema jua lilichomoza. "Mimi nikienda msikitini ananishikia langu. Jumapili akienda kanisani namshikia lake. Ndivyo tunavyoishi hapa, Inspekta. Miaka ishirini na zaidi."

Mama Brayson ndiye fundi cherehani wa fremu ya nne, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Jina lake Jenipher, mwenyeji wa Sigino. Natalia alikuwa amepita mbele ya mlango wake mara sita tangu Jumamosi, na mara ya pili alikuwa amepewa kiti na kikombe cha chai.

"Mama Feisal," alisema polepole, "Mama Brayson anamjua Amna?"

Anifa alivuta kiti, akakaa.

"Tulijifungulia wodi moja," alisema. "Vitanda vilikuwa haba, tulilala wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Brayson alizaliwa alfajiri, Amna adhuhuri. Mimi nilivuja damu nyingi, siku tatu sikujiweza. Yeye ndiye aliyemshika, akamnyonyesha pamoja na wa kwake. Hata siku ya kumpa jina alikuwepo."

"Asubuhi nilikuuliza nani mwingine analijua jina lile. Kwa nini hukumtaja?"

"Uliniuliza nani mwingine." Anifa alimkodolea macho, na Natalia aliona kabisa kwamba mama huyu hakuwa anadanganya, wala hakuwa anaficha. "Mama Brayson simhesabu mtu mwingine."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika arobaini na tano. Natalia alimwambia Anifa abaki pale pale alipo. Akampungia Koplo mkono, wakaingia fremu ya nne.

*

Jenipher alikuwa anashona mifuko kwenye makoti ya shule. Aliwaona, akamalizia mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Jenipher, nakuhoji kuhusu kuingia kwenye akaunti ya Anifa siku ya Ijumaa bila ruhusa yake," Natalia alisema. "Una haki ya kukaa kimya."

"Karibuni mketi."

Koplo hakuketi. Alikitazama cherehani, akamtazama fundi, na imani yake yote juu ya vijana wa vibanda vya simu ikaonekana kuyumba. "Mama fundi, kwani wewe kompyuta unaijua?"

"Koplo, barua pepe yako ya kwanza alikufungulia nani?" Jenipher alimuuliza bila ukali. "Mwaka 2005. Ulikuwa unaomba uhamisho."

Koplo Theodori alikumbuka, ikaonekana usoni. Alitoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu pale kafe," Jenipher alimwambia Natalia. "Yeye alikuwa anakaa kwenye meza ya kulipia. Kompyuta mbili za kwanza zilinunuliwa kwa ng'ombe wangu wawili, alionipa baba nilipoolewa. Hatukuandikiana. Utaandikianaje na mtu wa namna ile? Kafe ilipokufa hatukudaiana, alibaki na fremu yake, mimi nikachukua cherehani. Sikuwa na neno."

"Neno lilianza lini?"

"Alipokuja Mujahid kupunguza suruali. Aliniambia hongera, mwenzako anatajirika. Akanitajia na bei, akaacha na karatasi yenye anuani ya mnunuzi, sijui kwa kusahau au kwa kujionyesha." Aliliweka koti juu ya mengine. "Nikasubiri aniambie mwenyewe. Kila siku saa nne tunakunywa chai pamoja, Inspekta. Wiki tatu nilisubiri. Alikuwa ananiongelesha bei ya sukari."

Natalia aliitazama saa yake. Saa kumi kasoro dakika tatu. "Ulikaa dakika kumi na sita mbele ya lile swali. Kwa nini?"

"Jina nililiandika papo hapo," Jenipher alisema. "Kubonyeza ndiko kulikonishinda. Nilijiambia mtu akiingia kuchapa, naacha. Hakuingia mtu."

"Utabonyeza tena sasa hivi ulifute lile ombi."

"Siwezi. Neno la siri niliwapa wanunuzi Jumamosi, wakalibadilisha, na swali la siri pia. Jaribu, simu ile pale. Nimejaribu jana na juzi."

Natalia alijaribu. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Basi njia ilikuwa imebaki moja: kiapo, na jina la mtuhumiwa ndani yake.

Mambo yakaanza kwenda mbio, na kila kitu kikawa kizito. Natalia alichukua karatasi dukani kwa Anifa akaandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana mwendo wa Koplo aliujua. Aliposhika aya ya pili akakumbuka muhuri. Muhuri ulikuwa kituoni, kwenye kabati, na kabati limefungwa. Koplo Theodori, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amepanda kitu chochote kirefu kuliko kiti, alipandishwa bodaboda. Saa kumi na robo. Natalia aliandika, akafuta, akaandika upya. Saa kumi na nusu Koplo hakuwa amerudi. Aliporudi ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na moja, amekumbatia muhuri kifuani kwa mikono miwili.

Anifa alikuwa amesimama kwenye mlango wa fremu ya nne. Ukuta wa mbao haufichi kitu. Alikuwa amesikia yote.

"Niliogopa," alisema, akimwambia Jenipher. Hakuwa amemtazama Natalia hata mara moja.

"Uliogopa nini?"

"Jicho. Kitu hakijafika mkononi hakitajwi, wewe unajua. Hata Feisal sikumwambia."

"Jicho langu?" Jenipher aliuliza.

Natalia aliweka karatasi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaweka kalamu juu yake. Alijichukia kwa kuwaharakisha, lakini aliwaharakisha.

"Mama Feisal, soma, kisha saini hapa na hapa. Bado kuyatuma, na hiyo mashine yako ya fotokopi inachukua dakika tatu kupata moto."

Anifa alisoma. Alipofika kwenye mstari wenye jina la Jenipher aliusoma kwa kidole, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Kidole kikabaki hapo.

"Hakuna namna ya kuandika bila jina?"

"Hawapokei bila jina."

"Nikisaini, atafungwa?"

"Hiyo ni ya mahakama. Mimi siwezi kukuahidi kitu." Saa kumi na dakika arobaini na sita. "Usiposaini, saa kumi na moja limekwenda, na sitaweza kulifuata."

"Rama alimbeba akiwa ameshafunikwa," Anifa alisema. "Watu waliomwona mwanangu akiwa hai tumebaki wawili. Mimi na huyu."

Taaluma ya Natalia haikuwa na fomu ya jambo lile. Aliogopa kwamba mama huyu angeiacha kalamu pale ilipo.

"Saini, Mama Feisal," alisema Jenipher. Alikuwa amevua mkanda wa kupimia shingoni na alikuwa anauviringa, macho chini. "Ukiacha, utakosa vyote viwili. Saini."

Anifa alisaini. Alisaini hapa na hapa, Natalia akagonga muhuri, wakakimbilia fremu ya tatu, mashine ikapata moto kwa ule uvivu wake, karatasi ikapigwa picha, ikatumwa kwa barua pepe saa kumi na dakika hamsini na nne. Halafu hakuna kitu. Natalia alisimama mbele ya kioo cha kompyuta. Dakika hamsini na sita. Hamsini na saba. Alifikiria kupiga simu, akagundua hajui hata ni nchi gani. Saa kumi na dakika hamsini na nane barua ikaingia, mistari miwili: uhamisho umesimamishwa, jina linabaki kwa mmiliki hadi uchunguzi ukamilike.

Akatoka nje mbio. "Mama Feisal, limesimama. Jina ni lako."

Anifa hakuuliza kitu kuhusu jina. Koplo Theodori alikuwa ameshampandisha Jenipher nyuma ya gari la polisi, bila pingu, na watu wa fremu nyingine walikuwa wametoka milangoni kuangalia.

"Atalala wapi leo?" Anifa aliuliza.

"Mahabusu. Kesho tutaona habari ya dhamana."

Anifa aliingia fremu ya nne, akavuta droo ya chini ya cherehani bila kuitafuta, akatoka na pakiti ya vidonge na chupa ya maji. Alikwenda mpaka kwenye gari akavinyoosha dirishani. Jenipher aliangalia mbele, kwenye kiti cha dereva. Mkono wa Anifa ulikaa hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Kisha akazunguka gari, akampa Koplo.

"Ni vya presha," alisema. "Asubuhi kimoja, jioni kimoja, ale kwanza. Usimwambie kwamba vimetoka kwangu."

Na Mama Brayson alikuwa amekaa hatua moja tu kutoka pale, dirisha liko wazi, anasikia kila neno.